Kumlisha Punda Mzee: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Jambo tulilochagua huenda wengine wakalicheka, nalo ni chakula cha punda aliyezeeka. Lakini sisi tuandikao daftari la misaada la chama twajua kwamba si jambo la kuchekwa. Mjane aliyefiwa na punda huja kwetu kama mtu aliyepoteza mkono wake wa kuume. Tangu siku ile maji hupanda mlima kichwani mwa watoto wake, na ndizi zake hazifiki tena soko la Daraja Mbili ila kwa nauli asiyo nayo.

Wazee husema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Hapana budi tukiri kwamba mara nyingine mwenye kupiga mateke ni mwenye punda. Nyumbani kwetu alikuwako punda jike aliyebeba maji na majani ya chai kwa miaka zaidi ya kumi na mitano. Alipoanza kukonda tulisema ni mvivu. Kisha tukasema ni minyoo, tukanunua dawa. Hakunenepa. Tukamwongezea mabua makavu ya mahindi, naye akazidi kukonda mbele ya chakula tele. Siku moja mama yetu aliokota chini madonge ya majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa, akatuuliza, "Ninyi mliosoma, mmemtazama kinywani?" Hatukuwa tumemtazama.

Basi yafaa tufahamu habari ya meno. Meno ya punda, kama ya ndugu yake farasi, yana akiba ndani ya taya, nayo husogea nje kidogo kidogo kila mwaka kadiri yanavyosagika. Akiisha kupita miaka ishirini, akiba hiyo hukaribia kwisha. Magego hulegea, mengine hung'oka, na mengine hufanya ncha kali zinazokata shavu na ulimi. Naye punda hacheui kama ng'ombe. Asichokisaga vizuri mara ya kwanza hakirudi tena kinywani, na mabua magumu yaweza kumziba utumbo.

Jambo la pili ni kumpima. Macho hudanganya, maana manyoya huficha mifupa, na tumbo kubwa si unono. Tutumie kiganja, tupapase mbavu, uti wa mgongo na nyonga. Mbavu zikisikika kwa kubonyeza kidogo, hali ni njema. Zikikwaruza kiganja kama ngazi, amekonda. Zisiposikika kabisa, amenenepa kupita kiasi, nayo pia ni hatari. Tufanye hivyo kila mwezi, na kuandika tulichokiona.

Sasa chakula chenyewe. Punda wa kilo 140 huhitaji kwa siku kadiri ya kilo 2 za chakula kikavu, au zaidi kidogo. Majani mabichi yana maji mengi, kwa hiyo uzito wake yapasa uwe mara tano au zaidi. Tumkatie matete machanga, si yaliyokomaa, tuyakate vipande vifupi sana kwa panga. Tumpe na mashina ya viazi vitamu yaliyonyauka kidogo. Pumba za mahindi, konzi chache tu, zilowekwe maji mpaka ziwe laini. Chakula kigawanywe mara tatu au nne kwa siku, wala asile pamoja na vijana watakaomnyang'anya. Awe na maji safi, chumvi, na paa la kumkinga. Manyoya ya punda hayazuii mvua, na baridi ya milima yetu hula nyama ya mwili wake.

Tujihadhari na mambo manne. Kwanza, chakula kipya kiingizwe polepole, kwa muda wa wiki mbili. Pili, mahindi yenye ukungu tunayoyatupa asipewe kamwe, kwani sumu yake huharibu ubongo wa punda na kumwua. Tatu, asipewe chakula cha kuku, maana kingine hutiwa dawa isiyomdhuru kuku lakini inayomwua punda. Nne, akikataa kula hata siku moja, aitwe daktari wa mifugo. Mafuta ya mwili wake yaweza kuyeyuka na kujaa katika damu, yakaharibu ini, naye akafa upesi.

Mwanachama atauliza, "Yanini kumlisha asiyeweza tena mzigo mzito?" Tujibu hivi. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha punda karibu milioni 1.8 katika Kenya; ile ya 2019 ilionyesha karibu milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo yalifunguliwa machinjio ya punda, ngozi zikapelekwa China. Serikali ilikataza mwaka 2020, Mahakama Kuu ikalitengua katazo hilo mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukaamua dhidi ya biashara hiyo ya ngozi Februari 2024. Kwa hiyo aliye na punda asidhani kwamba wa pili atapatikana kwa urahisi. Isitoshe, mzee anayelishwa vema bado aweza kubeba debe moja la maji, na kumfundisha kijana njia.

Punda wetu alisagwa meno kwa tupa na daktari wa mifugo, akalishwa kama tulivyoeleza, akaishi miaka mitatu zaidi, akafa zizini wala si barabarani. Lakini gharama ya daktari ilitulemea peke yetu. Kwa hiyo twaliweka mbele ya mkutano huu ombi moja: chama kimwite daktari siku moja kila mwaka, tuchangie pamoja, na kila mwenye punda amlete afunguliwe kinywa. Mjane asiye na fedha, chama kimlipie. Twaona ni nafuu kuliko msaada tunaoandika daftarini baada ya msiba.