Sumu ya Risasi: Ifungwe Isimfikie Mtoto

Leo tunazungumzia madini ya risasi, yale yaliyomo ndani ya betri za magari.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya nyumba za watu kuanzia 2007 hadi 2014. Moshi, vumbi na maji machafu viliingia mtaani. Watoto walipopimwa damu, walipatikana na risasi. Mwaka wa 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia na mahali hapo pasafishwe.

Pengine unasema, "Maji nitayachemsha." La, mama. Kuchemsha huua viini, lakini risasi haifi wala haiozi. Maji yakipungua sufuriani, risasi hubaki.

Kazi hiyo ni ya kiwanda. Maji machafu hutiwa chokaa, risasi ikaganda na kuzama kama tope. Maji ya juu hupimwa kabla ya kuachiliwa. Tope nalo halimwagwi ovyo, maana mvua italirudisha kisimani. Hukamuliwa, likachanganywa na saruji hadi liwe gumu kama jiwe, kisha huzikwa katika shimo maalum lisilovuja. Hapo sumu imefungwa. Usijaribu haya nyumbani, wala mawe hayo si ya kujengea.

Wewe na jamaa zako fanyeni hivi:

- Msivunje betri nyumbani, wala msimwage maji yake mtaroni.
- Anayefanya kazi ya betri aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto.
- Nawisha watoto mikono kabla ya kula. Pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, usitimue vumbi.
- Wape maharagwe, mboga za majani, omena na maziwa. Mwili wenye chuma na kalsiamu ya kutosha hupokea risasi kidogo.

Mtoto mwenye risasi mwilini huenda asionekane mgonjwa, ila ubongo wake unaumia. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni. Ikiwa mnaishi karibu na kazi ya betri, mweleze daktari na uulizie kipimo cha damu. Mkiona maji ya kiwanda yakitiririka mtaani, mwambieni afisa wa afya ya umma. Msinyamaze.