Mtoto Anameza ARV, Mbona Anasahau?

  Uwe Kamenu, Makongeni au Landless, sogea karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya ubongo wa mtoto anayeishi na virusi vya ukimwi na ambaye tayari anatumia dawa.

Tuchukue mfano. Nyanya mmoja analea mjukuu wa kike wa miaka 10. Mtoto anameza dawa kila jioni. Kliniki imesema virusi vyake ni vichache mno hata havionekani kwenye kipimo. Ana afya, anacheza na wenzake. Lakini akitumwa dukani alete chumvi, sukari na kiberiti, anarudi na chumvi peke yake. Darasani, wenzake wakimaliza kunakili ubaoni, yeye yuko nusu. Mwalimu anasema ni mvivu. Jirani anasema, "Ni hizo dawa zinaharibu ubongo. Afadhali aziache." Nyanya afanye nini?

Kwanza tuuelewe ubongo. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba sana zinazopeleka habari kutoka sehemu moja hadi nyingine. Fikiria waya wa stima nyumbani kwako: ndani kuna shaba, nje kuna plastiki. Nyuzi za ubongo nazo zimefunikwa na utando wa mafuta. Utando huo ndio unaofanya sehemu hiyo ya ubongo ionekane nyeupe. Ukiwa mzima, habari hupita mbio. Ukiwa na kasoro, habari hufika, lakini hufika polepole.

Virusi vya ukimwi huingia ubongoni mapema, katika wiki za kwanza baada ya mtu kuambukizwa. Kinga ya mwili huamka kupigana navyo, na vita hivyo huumiza zile nyuzi. Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu utando huo huundwa kwa kasi katika miaka miwili ya kwanza ya maisha.

Dawa za ARV huzuia virusi kuongezeka. Hata hivyo, madaktari wakipiga picha ya ubongo inayoitwa MRI, huona alama katika sehemu nyeupe kwa baadhi ya watu wanaotumia dawa vizuri, watoto na watu wazima. Alama nyingine ni makovu ya kabla ya dawa kuanzishwa. Nyingine hutokana na kinga ya mwili kuendelea kupigana kidogo kidogo. Kwa watu wazima, shinikizo la damu, kisukari na sigara huongeza madhara. Wataalamu bado wanachunguza kama baadhi ya dawa nazo huchangia.

Je, basi jirani amesema kweli? La, hasha. Sikiliza habari ya Afrika Kusini. Huko Cape Town na Soweto, watoto wachanga wenye virusi, wa umri wa wiki 6 hadi 12, waligawanywa katika makundi. Wengine walianzishiwa dawa mara moja, wengine walisubiri hadi walipoonyesha dalili au kinga iliposhuka. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Kuanza mapema kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Walipopimwa ukuaji wa akili na viungo, walioanza mapema walifanya vyema zaidi. Baadaye picha za ubongo zilionyesha alama kwa baadhi yao pia, lakini walikuwa hai, wanakua na wanasoma. Mtoto asiyepewa dawa hana ulinzi huo. Anaweza kupoteza hata yale aliyokwisha jifunza, kama kukaa, kutembea na kusema.

Kwa hiyo mama, shika mambo haya.

Kwanza, mtoto apimwe mapema. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi hupimwa damu ya kisigino akiwa na wiki 6, kisha miezi 6 na miezi 12. Usingoje augue. Akipatikana na virusi, aanze dawa bila kuchelewa.

Pili, usikatize dawa. Ziambatanishe na jambo la kila siku, kama taarifa ya habari ya saa moja jioni au chai ya asubuhi. Dawa ikimletea kizunguzungu, ndoto mbaya au kukosa usingizi, mwambie daktari. Kuna dawa nyingine anazoweza kubadilishiwa. Usibadilishe mwenyewe.

Tatu, usimpige mtoto kwa kusahau. Kiboko hakitengenezi waya. Mtume vitu viwili badala ya vitano. Mwambie arudie ulichomwagiza kabla hajatoka. Mpe muda amalize kazi yake. Msimulie hadithi, mwulize maswali, cheza naye. Ubongo wa mtoto hujifunza kwa kutumiwa.

Nne, chunguza sababu nyingine. Je, amekula? Amelala vya kutosha? Anasikia vizuri? Sikio linalotoa usaha humfanya mtoto aonekane hajali, kumbe hasikii. Je, anaomboleza mzazi? Mweleze daktari yote haya siku ya kliniki. Kwa mwalimu, unaweza kuomba mtoto akae mbele na aongezewe muda, bila kutaja ugonjwa wake.

Tano, kuna dalili zisizongoja tarehe ya kliniki. Mtoto akipata kifafa, akilegea upande mmoja, akiumwa sana na kichwa huku akitapika, akichanganyikiwa, au akiacha kufanya aliyokuwa akiyaweza, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe mlezi, kama pia unatumia ARV, usijisahau. Pima shinikizo la damu na sukari, na kama unavuta sigara, acha. Kichwa chako ndicho kinachokumbuka dawa za mtoto.

Sasa turudi kwa nyanya wetu. Asiziache dawa. Amweleze daktari anayoyaona, azungumze na mwalimu, na jioni hii mjukuu akirudi na chumvi peke yake, amrudishe dukani kwa upole. Mtoto huyo si mvivu wala hajarogwa. Anahitaji dawa yake na subira yetu.

 

Maswali ya kuzungumzia baada ya kipindi:
1. Kwa nini ni hatari kungoja mtoto augue ndipo apimwe?
2. Utamjibu nini jirani anayesema dawa ziachwe?
3. Utamsaidiaje mtoto anayesahau anapoagizwa?