Picha Kamili ya Damu kwa Mgonjwa wa Saratani ya Utumbo Mpana



Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana anayesubiri upasuaji hutolewa damu kidogo, na majibu huja kwenye karatasi yenye tarakimu nyingi. Kando ya baadhi yake huandikwa herufi H, yaani kiwango kimezidi, au L, yaani kimepungua. Ndugu wa mgonjwa huziona herufi hizo wakakata tamaa kabla daktari hajasema neno. Ni vema karatasi hiyo ieleweke, pamoja na mipaka yake.

Kipimo hicho huitwa picha kamili ya damu. Huhesabu chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu kwenye jeraha.

Kwanza ni chembe nyekundu. Uvimbe wa saratani, hasa ulio upande wa kulia wa utumbo mpana, huweza kuvuja damu kidogo kidogo kwa miezi mingi bila kuonekana chooni. Madini ya chuma huisha mwilini na damu hupungua. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, mwanamume mzima ana upungufu wa damu himoglobini ikiwa chini ya gramu 13 kwa desilita. Mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12. Anayefanyiwa upasuaji akiwa na upungufu huo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo baadaye. Hata hivyo, upungufu huo mara nyingi hutibika kabla ya upasuaji, kwa madini ya chuma ya vidonge au ya mshipani.

Pili ni chembe nyeupe. Zile ziitwazo nyutrofili huongezeka mwili unapopambana na maambukizi au majeraha. Limfosaiti husaidia kuzitambua chembe za saratani. Daktari huweza kugawanya idadi ya nyutrofili kwa idadi ya limfosaiti. Mwenye nyutrofili 6,000 na limfosaiti 1,500 ana uwiano wa 4. Mwaka 2005, watafiti wa Uingereza walieleza kuwa wagonjwa wenye uwiano uliozidi 5 kabla ya upasuaji waliishi muda mfupi zaidi kwa wastani. Tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea huko huko, ingawa kila moja imeweka mpaka wake. Chembe sahani zilizozidi kiasi nazo zimehusishwa na hatari hiyo.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila wingu huleta mvua. Malaria hupunguza chembe sahani. Virusi vya Ukimwi hupunguza limfosaiti. Kidonda kilichooza huongeza nyutrofili. Tena, Waafrika wengi huzaliwa na nyutrofili chache kwa kurithi, pasipo ugonjwa wowote. Hivyo mpaka uliowekwa Ulaya hauwezi kuhamishiwa hapa bila kupimwa upya. Zaidi ya yote, hesabu ya chembe haichukui nafasi ya hatua ya saratani yenyewe: uvimbe umepenya kiasi gani, umefika kwenye tezi za limfu, au umesambaa kwenye ini na mapafu.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, mambo manne yazingatiwe. Mtu mzima anayeambiwa mara kwa mara kuwa damu imepungua asiishie kwenye juisi ya rozela na vidonge vya chuma. Aulize damu inapotelea wapi. Mwenye damu chooni, mabadiliko ya choo yasiyokoma, au anayekonda bila sababu, afike zahanati mapema ili apewe rufaa. Karatasi za vipimo vya zamani zitunzwe, kwa kuwa daktari hulinganisha tarakimu za leo na za jana, na aelezwe pia homa ya karibuni na dawa zote zinazotumika, za hospitali na za asili. Mwisho, mgonjwa asiondolewe kwenye orodha ya upasuaji na familia yake kwa kuogopa herufi H au L. Karatasi hiyo humwonyesha daktari nani aandaliwe zaidi na nani afuatiliwe kwa karibu. Haimwambii mtu kwamba siku zake zimekwisha.