Tuangalie ya Wengine, Tushone Yetu

Haya ni maneno ya mwalimu wa ushonaji alipozungumza na vikundi vya akina mama katika ukumbi wa kanisa.



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja: tutawezaje kupata mawazo na mbinu mpya za kushona kwa kutumia intaneti. Nasema juu ya kwilti, yaani lile blanketi la viraka. Kwa wale walio wageni katika kazi hii, kwilti ina matabaka matatu. Juu ni vipande vilivyoungwa, katikati ni kitu cha kuleta joto kama pamba au blanketi kuukuu, na chini ni kitambaa kizima. Halafu yote matatu hushonwa pamoja. Kuna kwilti za kujifunika, na kuna zingine za kutundika ukutani kama picha.

Tulivyopoteza pesa

Nianze na aibu yetu. Miaka michache iliyopita kikundi chetu kilikuwa na wanachama 12. Siku moja mwenzetu alikuja na simu ya mtoto wake. Tukaona picha ya nyota kubwa iliyoshonwa kwa pembetatu ndogo ndogo. Tukasema, hii ndiyo itakayotutoa katika shida. Tukafungua sanduku la kikundi, tukanunua kitambaa kipya, chekundu na cheupe.

Tulishona miezi mitatu. Ncha za nyota zikakataa kukutana. Tukajiambia mnunuzi hataona. Kabla ya kumpelekea tukaifua ili iwe safi, na rangi nyekundu ikaingia kwenye nyeupe, nyota yote ikawa kama imemwagiwa uji wa wimbi. Mnunuzi aliitazama, akaikunja vizuri, akaturudishia. Wanachama wanne walitoka. Mmoja wao ni shemeji yangu, na mpaka leo tukikutana sokoni salamu zetu ni fupi.

Je, simu ndiyo iliyokosa? Hapana. Picha ilituonyesha mwisho wa kazi, na sisi hatukutafuta mwanzo wake. Pia tulishona nyota ambayo kwetu haikuwa na maana yoyote. Tangu siku hiyo nimejifunza hivi: mbinu unaweza kuazima, lakini hadithi uitoe nyumbani kwako.

Wanawake wawili wa Marekani

Nitawapa mifano. Mtu akiwa na simu ya intaneti anaweza kuziona kazi hizi. Wale wenye mulika mwizi, keti karibu na mwenzako.

Harriet Powers alizaliwa mwaka wa 1837 katika jimbo la Georgia, akiwa mtumwa. Baada ya kupata uhuru alishona kwilti ya hadithi za Biblia, na mwaka wa 1886 ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya pamba. Ina picha 11. Yuko Hawa bustanini, kuna ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, na Yuda na vile vipande 30 vya fedha. Mbinu yake ni rahisi kuieleza: alikata umbo la mtu au mnyama, akaliweka juu ya kitambaa kingine, akalishona kando kando. Hakuhitaji brashi wala rangi ya kupaka.

Kwilti nyingine ni ya Missouri Pettway, wa kijiji cha Gee's Bend katika jimbo la Alabama. Kijiji hicho kiko kwenye kona ya mto, na wengi wa wakazi wake ni wazao wa watumwa wa shamba la pamba. Mwaka wa 1942 Missouri alikuwa amefiwa na mumewe. Akachukua nguo za kazi za marehemu, akazikata, akazishona ziwe kwilti, ili amkumbuke na ajifunike kwa upendo wake. Binti yake Arlonzia ndiye aliyeisimulia habari hiyo baadaye. Ukiitazama utaona nguo zilizochakaa na kupauka kwa jua. Hakuna nyota hata moja. Mwaka wa 2002 kwilti za kijiji hicho zilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York.

Mama zangu, nani hapa hana suruali kuukuu ya shamba nyumbani? Nani hana leso ya mama yake ambayo hawezi kuitupa?

Mbinu za kuazima

Sasa tuje kwenye kazi. Ukiingia kwenye intaneti usitafute picha nzuri tu. Tafuta video inayoonyesha mikono. Chagua mbinu moja, itazame mara tatu, halafu zima simu ujaribu kwenye kipande kidogo. Data ni pesa. Sisi watu wanane tuliobaki tulitumia simu moja, na haya ndiyo tuliyoyapata:

1. Mshono wa robo inchi. Hapo ndipo nyota yetu ilipoharibika. Ukikosa milimita 1 tu katika kila mshono, baada ya mishono 16 kosa limezidi nusu inchi. Pima milimita 6 kutoka kwenye sindano ya cherehani, ubandike selotepu hapo, na kitambaa kipite kando ya selotepu. Anayeshona kwa mkono achore mstari kwa penseli.

2. Kujaribu rangi. Lowesha kipande kidogo kwa maji moto na sabuni, kiweke juu ya kitambaa cheupe, upige pasi. Rangi ikihamia, fua kitambaa hicho peke yake mpaka maji yawe safi. Ikiendelea kutoka, kiache. Watu husema chumvi na siki hushika rangi, lakini usiweke pesa ya kikundi juu ya maneno hayo.

3. Paa la nyumba. Wanawake wa Gee's Bend wana mtindo wanaouita hivyo. Anza na mraba mmoja katikati, tuseme wa inchi 4. Ungia ukanda upande mmoja, kisha wa pili, wa tatu na wa nne, uendelee kuzunguka mpaka upate upana unaotaka. Kanda si lazima zilingane. Mabaki ya fundi wa nguo yanatosha, na mengi utapewa bure ukiomba kwa heshima.

4. Kufunga matabaka. Tandika sakafuni, bandika pini au shona mishono mikubwa ukianzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, kitambaa kitajikunja katikati.

Halafu kumbukeni kwamba picha ya kwenye simu ina mwenyewe. Kujifunza namna ya kuunga kanda si kosa. Kunakili kazi ya mwenzako yote, ukaiuza kama yako, huo ni wizi hata kama yeye yuko ng'ambo.

Bei

Sasa nirudi kwa Harriet Powers, maana sijamaliza habari yake. Mwalimu mmoja wa sanaa aliiona ile kwilti mwaka wa 1886 akataka kuinunua. Harriet akakataa. Miaka ilipita, shida ikabisha hodi, na karibu mwaka wa 1891 akampelekea mwenyewe. Alitaka dola 10, akapewa 5. Baadaye alikwenda mara kadhaa kuitazama tu. Leo kwilti hiyo iko Washington, katika jumba la makumbusho la taifa la Marekani.

Tunasema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini chaweza kujiuza kwa hasara. Bei ipangwe siku hamna shida, iandikwe kwenye daftari. Tuseme vitambaa ni shilingi 400, uzi 150, data 50, makaa ya pasi 50. Jumla 650. Umeshona saa 40, na kikundi kimekubaliana shilingi 60 kwa saa, hiyo ni 2,400. Kwilti yako ni shilingi 3,050. Mtu akikupa 1,500, ukitoa gharama unabaki na 850, yaani umejilipa shilingi 21 kwa saa. Ukikubali, ukubali ukijua.

Tangu mwaka wa 2021 baadhi ya wanawake wa Gee's Bend huuza kazi zao wenyewe kwa intaneti, na jina la mshonaji likiwa hapo. Hata sisi tukituma picha kwa simu, tutume pamoja na jina, bei na hadithi yake.

Kazi ya nyumbani

Kwilti yetu ya pili tuliishona kwa mabaki ya fundi. Katikati tuliweka umbo la mtungi, kwa sababu kila mmoja wetu amebeba maji kutoka mtoni tangu utotoni. Ncha zilikutana. Tuliifua mara mbili, rangi ikakaa. Pesa yake ilirudi kwenye sanduku, ingawa haikujaza shimo lote la ile nyota.

Mwezi ujao kila kikundi kilete kipande kimoja cha inchi 12 kwa 12. Mbinu iwe ya kuazima kutoka popote. Kitambaa kimoja kati ya hivyo kiwe kimevaliwa na mtu wa nyumbani kwenu, na mtuambie ni nani. Mimi nitaleta changu, na nimemwomba shemeji naye aje na chake. Hajanijibu, lakini hajakataa.