Akiba Bila Kujinyima

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kariokor



Tumeombwa kusema juu ya akiba. Twajua kwamba wengi mkisikia neno hilo mwafikiri mtaambiwa mwache nyama, mwache chai, mkae gizani jioni. Sisi tukaao hapa Kariokor, ambapo moshi wa nyama choma ya sokoni huingia mpaka madirishani, hatuwezi kusema hivyo tukaaminiwa. Mtu anayeshinda akiinua vyuma vya reli asipokula vizuri ataugua, na ugonjwa una gharama zaidi ya nyama. Basi nyama ibaki. Twataka kutazama fedha zile zinazotoka mfukoni bila kutupa raha yo yote.

Lakini kwanza tuweke neno moja wazi, ili mtu asije akayachukua maneno haya na kwenda kumwambia mwajiri kwamba mshahara unatosha, ila wafanyakazi ni wapotevu. Shauri la mshahara lina mkutano wake, nalo halijaisha. Tena akiba ni silaha ya shauri hilo hilo. Mwezi wa Januari 1947 makuli wa bandari ya Mombasa na wafanyakazi wa reli waligoma pamoja na wengine wengi, na mgomo ule ulidumu karibu siku 12. Wazee wetu walisimama. Tujiulize, leo ni nani kati yetu aliye na unga wa siku 12 ndani ya nyumba, na hadaiwi? Mwajiri ajuaye kwamba mshahara wetu umekwisha tarehe 10 hana haja ya kuharakisha mazungumzo.

Sasa tuje dukani. Hapa mtaani twanunua kadogo kadogo: mafuta ya kupima, makaa ya mkebe, sabuni kipande. Mtu asiwacheke wanunuao hivyo. Anayelipwa kwa siku hana njia nyingine, kwa kuwa hana fedha zilizo pamoja. Lakini sisi wa mshahara wa mwezi tunazo siku moja, kisha twaendelea kununua kama vibarua mpaka mwisho wa mwezi. Fanyeni hesabu wenyewe. Uliza gunia la makaa hutoa mikebe mingapi, zidisha kwa bei ya mkebe, halafu ulinganishe na bei ya gunia. Tofauti hiyo ni yako, wala hukukosa moto hata siku moja. Ikiwa gunia ni zito kwa nyumba moja, nyumba nne zaweza kulinunua na kugawana kwa mkebe ule ule.

Hata hivyo, si kila kitu kinafaa kununuliwa kwa wingi. Makaa, maharagwe, mchele na sabuni vyafaa. Sabuni ya mche ukiikata na kuiacha ikauke hudumu zaidi kuliko iliyo mbichi. Lakini sukari na mafuta tumeona kwamba vikiwa vingi hutumika kwa wingi. Mtoto akiliona debe limejaa, kijiko nacho kinajaa. Vitu hivyo viwili ni heri vinunuliwe vya wiki. Nayo mahindi yakae makavu kabisa, la sivyo mtawalisha fukusi.

Kwa habari ya githeri, mama wengi waliopo hapa wanajua kuliko sisi, nasi twarudia tu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema, na makaa yanabaki. Jiko la udongo lenye ganda la bati, lile lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, hutumia makaa machache sana kuliko jiko la bati tupu, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanalitengeneza hapo hapo karibu nasi. Wako na wale wanaochemsha maharagwe kwa muda, kisha huiweka sufuria ndani ya kikapu kilichojazwa vitambaa na kufunikwa vizuri, ikaendelea kuiva yenyewe bila moto. Githeri ni ile ile na utamu ni ule ule.

Tumefika penye uchungu wenyewe, yaani mikopo ya simu. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilitusaidia kupeleka fedha nyumbani, nasi hatuilaumu kwa hilo. Mikopo ikafuata. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ilitoza ada ya shilingi 7.50 kwa kila mia kwa siku 30. Kwa sikio ni kidogo. Lakini mtu akikopa shilingi 1,000, akalipa 1,075, akakopa tena kwa sababu ile 1,075 imemwacha mtupu, na akaendelea hivyo miezi 12, atakuwa amelipa shilingi 900 ili kutumia elfu moja ile ile. Yeye hakula wala hakuvaa shilingi 900 hizo. Katika vyama vingi vya akiba na mikopo riba ni moja kwa mia kwa mwezi, nayo huhesabiwa juu ya deni lililobaki. Elfu moja kwa mwezi ni shilingi 10. Tena fedha za akiba hukatwa kwenye mshahara kabla hazijafika mkononi, na jambo hilo twaliona kuwa jema kuliko yote tuliyoyataja, kwa maana mtu hajinyimi kitu ambacho hakukishika.

Basi anayetaka kutoka katika simu asianze na makubwa. Achukue tofauti ya gunia la makaa, aiweke kando miezi miwili au mitatu, mpaka ifikie kiasi kile anachozoea kukopa. Hapo atajikopesha mwenyewe, na ada atabaki nayo.

Wengine watauliza habari ya nauli. Kutoka hapa mpaka stesheni kwa kupitia Racecourse Road ni mwendo wa miguu usiomchosha mtu mzima asubuhi. Lakini anayetoka zamu ya usiku apande gari. Hatutaki kusikia mwanachama ameporwa kwa ajili ya kuokoa nauli.

Nyumba tatu za ngazi yetu zimekubali kununua gunia moja la makaa na moja la maharagwe siku ya mshahara ujao. Tunatafuta ya nne. Mwenye kutaka atuone baada ya mkutano huu, na aje na mkebe wake.