Mapacha Watanyonya Nini?

Msikilizaji, tangazo la wiki hii la kuwagawia wafugaji madume ya kondoo wenye jeni ya mapacha umelisikia, na vigelegele vyake pia. Jeni ipo kweli. Ile maarufu inaitwa Booroola, jina la shamba la merino huko New South Wales, Australia, na mwaka 2001 watafiti waliibaini hasa ni ipi. Jike akirithi nakala moja tu, hutoa yai moja au mawili zaidi kila anaposhika joto.

Haya, mapacha hao watanyonya nini? Kondoo ana chuchu mbili. Wakizaliwa watatu, wenye nguvu hushika, wa tatu hupigwa kumbo huku na huku, hapati hata dang'a, na baridi ya usiku humkuta na tumbo tupu. Asubuhi unaokota mzoga. Nani wa kumwelekeza mfugaji namna ya kumlisha jike mwenye mimba ya mapacha? Afisa wa mifugo. Na afisa wa mifugo yuko wapi?

Tulishayaona. Miaka ya sabini kondoo wa kigeni aina ya Dorper walisambazwa hapa Kenya kwa ruzuku, wakubwa, wa kupendeza macho. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, anayestahimili minyoo kuliko huyo mgeni, akachanganywa ovyo, na leo kumpata asiye na damu ya Dorper ni kazi. Nani angesimamia uzalishaji ule? Afisa wa mifugo. Alikuwa wapi?

Tena jeni hizi si moja. Ya New Zealand, Inverdale, jike akiirithi kwa mzazi mmoja huzaa mapacha. Akiirithi kwa wote wawili, ni tasa. Tasa, msikilizaji! Sasa bila daftari la nani kampanda nani, tutajuaje?

Phaltan, India, walifaulu. Waliitoa jeni hiyo hiyo ya Booroola kwa Garole, vikondoo vya Bengal, wakaiingiza kwa kondoo wa Deccani, damu ikipimwa kuona kama jeni ipo, wataalamu wakifuata mifugo hadi mazizini kwa wachungaji. Hatupingi jeni. Tunapinga dume kushushwa kwenye lori, picha ikapigwa, lori likaondoka.

Wawakilishi wa wadi, msipitishe hata shilingi ya madume kabla hamjaajiri maafisa wa mifugo, na pikipiki zao zitiwe mafuta! Na wewe mfugaji, ukiletewa dume asiye na cheti cha kipimo cha damu, mkatae. Mrudishe na lori lile lile!