Somo la Afya: Kongosho Likivimba Baada ya Kumeza Mpira

Wekeni penseli karibu, maana leo tutasoma tarakimu, na tarakimu hizi zinahusu uhai wa mtu.

Kwanza tujue tunasema juu ya nini. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo laini kiitwacho kongosho. Hicho ndicho kitoacho insulini ya kutawala sukari katika damu. Tena hutoa maji makali ya kusaga chakula. Maji hayo hupita katika mfereji mdogo mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba. Mfereji wa nyongo, utokao kwenye ini, nao hufungukia pale pale, kama njia mbili zinazotokea katika mlango mmoja.

Pengine kijiwe cha nyongo hukwama karibu na mlango huo. Macho ya mgonjwa huwa ya manjano, mkojo wake huwa kama chai ya rangi, na ngozi humwasha usiku kucha. Zamani dawa ilikuwa kisu tu. Mwaka 1968, huko Washington, Marekani, daktari William McCune na wenzake walieleza namna ya kupitisha mpira mdomoni mpaka kwenye mlango ule, wakatia dawa, wakapiga picha ya eksirei. Mwaka 1974 madaktari wa Ujerumani na wa Japani wakaeleza namna ya kuupanua mlango kwa waya wa umeme, ili vijiwe vitoke bila ya kupasua tumbo. Leo kazi hii hufanywa hata Nairobi na Dar es Salaam. Ni kazi njema, wala sisemi haya ili mtu aiogope.

Lakini mlango ni mmoja. Waya ukipotea njia ukaingia upande wa kongosho, au dawa ya picha ikisukumwa humo, kongosho huweza kuvimba. Maji yake makali, badala ya kungoja mpaka utumboni, huanza kazi humo humo ndani na kulichoma. Katika wagonjwa 100, kama 3 mpaka 10 hupatwa na jambo hili. Wengi wao hupona kwa siku chache. Wachache huwa mahututi, na baadhi yao hufa. Basi tutamjuaje mapema yule atakayezidiwa?

Hapa watu wengi hukosea, hata waliosoma. Katika damu kuna kitu kiitwacho amilesi, kinachotengenezwa na kongosho kwa ajili ya kusaga wanga. Mtu akiumwa sana tumbo, na amilesi yake ikafika mara 3 ya kiwango cha kawaida au zaidi, daktari hujua kwamba kongosho limevimba. Watu hudhani kwamba tarakimu ikizidi kupanda, hatari nayo imezidi. Sivyo. Amilesi ni kama mbwa abwekaye usiku. Akibweka unajua kuna mtu nje, lakini kelele zake hazikuambii kama ni mwizi mmoja au kumi.

Mwaka 1991 madaktari walipatana kupima ukali kwa siku za kulazwa. Siku 2 au 3, ugonjwa ni mwepesi. 4 mpaka 10, ni wa kati. Zaidi ya 10, ni mkali. Mimi naona kipimo hiki kinawafaa waandika hesabu kuliko wauguzi, maana jibu hulipati mpaka mgonjwa amekwisha kwenda kwake!

Kipimo kilichokubaliwa mwaka 2012 hutazama viungo vingine. Je, mapafu yanavuta hewa ya kutosha? Figo zinatoa mkojo? Moyo unasukuma damu sawasawa? Kiungo kimoja kikishindwa kazi, kisha kikarudia hali yake kabla ya saa 48, ugonjwa ni wa kati. Kikishindwa kupita saa 48, huo ndio mkali, na hao ndio tunaowahofia. Kwa hiyo siku mbili za kwanza ni za kukaa macho.

Daktari John Ranson wa New York alitoa dalili 11 mwaka 1974, lakini nyingine hazikamiliki mpaka saa 48 zipite. Mwaka 2008 kikatoka kipimo kifupi cha mambo 5, kinachojazwa katika saa 24 za kwanza: yurea iliyopanda katika damu, akili iliyochanganyikiwa, umri unaopita miaka 60, maji kando ya mapafu, na dalili za mwili mzima kuwaka. Kila jambo ni alama 1. Mwenye alama 3 au zaidi awekwe mahali pa kuangaliwa sana. (Msichanganye: vijana ndio wanaopatwa zaidi na uvimbe huu baada ya mpira, lakini mzee akipatwa, hatari yake ni kubwa zaidi.)

Hizo dalili za mwili kuwaka zinatufaa sana sisi, kwa kuwa tatu kati ya nne hazihitaji mashine kubwa. Mapigo ya moyo yakizidi 90 kwa dakika. Pumzi zikizidi 20 kwa dakika. Joto likipita 38 au likishuka chini ya 36. Ya nne ni chembe nyeupe za damu, nazo huhesabiwa maabara. Mbili zikionekana pamoja, na hasa zikikaa bila kupungua, mwite muuguzi usingoje asubuhi.

Na ikiwa mgonjwa amekwisha rudishwa nyumbani? Maumivu ya juu ya tumbo, yanayopenya mpaka mgongoni pamoja na kutapika, kwa kawaida huanza katika siku ile ile au ya pili. Asipewe dawa ya kuharisha wala ya minyoo. Arudi hospitali, na aseme tangu mlangoni: “Jana nilimeza mpira wa nyongo.”

Sasa zoezi. Wagonjwa wawili wa mfano wamelala kitanda kwa kitanda, saa 20 baada ya mpira. Wa kwanza: amilesi 2,400, mapigo 82, pumzi 16, joto 37. Wa pili: amilesi 700, mapigo 124, pumzi 30, joto 38.6, na tangu alfajiri hajapata mkojo ila kidogo. Daktari yuko mmoja. Andikeni aanze kwa nani, na kwa nini.

Kisha kila mmoja ahesabu pumzi za jirani yake kwa dakika nzima, kwa saa ya ukutani, bila ya kumwambia. Mtu akijua anahesabiwa, hubadili namna anavyopumua.